Namba Moja, Majina Mawili: Ujazo wa Ziwa Tanganyika na Tatizo la "Bilioni" katika Kiswahili cha Afrika Mashariki

Ikisiri

Neno bilioni hutaja namba mbili tofauti: milioni elfu kwa wanaofuata mapokeo ya Kiingereza, na milioni milioni kwa wanaofuata mapokeo rasmi ya Kifaransa. Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimerithi mapokeo ya pili. Tanzania, Kenya na Uganda zimerithi ya kwanza. Na Kiswahili kinazungumzwa pande zote mbili. Makala hii inatumia namba moja, yaani mita za ujazo za maji ya Ziwa Tanganyika, kueleza chanzo cha mgongano huo, ukubwa wa kosa linaloweza kutokea, na sifa za kihisabati zinazoonyesha ni ukaguzi upi unaweza kulibaini kosa hilo na upi hauwezi. Inapendekezwa kwamba namba yoyote iliyozidi milioni katika hati za kikanda iandikwe kwa tarakimu au kwa vipeo vya kumi mara inapotajwa kwanza, na kwamba neno miliari litambuliwe kuwa kisawe halali cha bilioni.

Maneno ya msingi: bilioni, miliari, vipeo vya kumi, baki, Ziwa Tanganyika, istilahi

1.0 Utangulizi

Jiji la Bujumbura limekaa kwenye ncha ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina eneo la takribani kilomita za mraba 32,900, wastani wa kina cha mita 570, na maji yanayokadiriwa kuwa kilomita za ujazo 18,900. Nchi nne zinalimiliki kwa pamoja: Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia. Mwaka 2003 nchi hizo zilitia saini mkataba wa usimamizi endelevu wa ziwa, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake hapa Bujumbura. Mbili kati ya nchi hizo hutumia Kifaransa katika shughuli za serikali, na mbili hutumia Kiingereza. Kiswahili ndiyo lugha inayosikika katika bandari za Bujumbura, Uvira, Kalemie na Kigoma.

Kilomita moja ni mita 1,000. Kwa hiyo kilomita moja ya ujazo ni mita za ujazo 1,000 × 1,000 × 1,000, yaani 1,000,000,000. Tukizidisha kwa 18,900 tunapata ujazo wa ziwa kwa mita:

18,900,000,000,000

Katika makala hii mkato unatenga makundi ya maelfu na nukta inatenga desimali, kama ilivyozoeleka Tanzania na Kenya. Sababu ya kulitamka hilo mapema itaonekana katika sehemu ya tatu.

Swali letu ni jepesi kuliuliza: namba hii inaitwaje kwa Kiswahili? Mhitimu wa Dar es Salaam atajibu bila kusita kwamba ni trilioni 18.9. Mhitimu wa Bujumbura, aliyesoma hesabu kwa Kifaransa, atasema ni miliari elfu kumi na nane na mia tisa. Na akishikilia kanuni rasmi ya Kifaransa, atasema ni bilioni 18.9. Hakuna aliyekosea. Kosa huzaliwa pale jibu la mmoja linaposomwa na mwenzake.

2.0 Kanuni mbili za kutaja namba kubwa

Kiswahili kilipata majina ya namba kubwa kwa njia za biashara na utawala. Elfu ni neno la asili ya Kiarabu. Laki, yaani mia elfu, lilitoka Bara Hindi. Milioni lilitoka Ulaya. Mpaka hapo hapakuwa na ugomvi, kwa kuwa kila neno lilikuja na thamani moja. Ugomvi unaanza baada ya milioni.

Mwaka 1484 mwanahisabati Mfaransa Nicolas Chuquet alipanga majina ya namba kubwa kwa hatua za milioni: bilioni ni milioni iliyozidishwa kwa yenyewe mara mbili, trilioni mara tatu, na kuendelea. Baadaye nafasi iliyokuwa wazi kati ya milioni na bilioni ilijazwa na neno la Kifaransa milliard, ambalo ni milioni elfu. Huu ndio tutakaouita mfumo mrefu. Mfumo mfupi, ambao nao uliwahi kutumika Ufaransa, unapanda kwa hatua za elfu badala ya milioni. Ufaransa iliurejesha mfumo mrefu kuwa kanuni rasmi mwaka 1961. Uingereza ilielekea upande mwingine: Desemba 1974 Waziri Mkuu Harold Wilson alilitangazia Bunge kwamba serikali yake ingelitumia neno billion kwa maana ya milioni elfu.

Burundi ilitawaliwa na Ujerumani na kisha Ubelgiji hadi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Watawala wote wawili walihesabu kwa mfumo mrefu. Ndiyo maana Kirundi na Kinyarwanda vimekopa neno la milioni elfu kutoka milliard, na Kiswahili cha Burundi na cha mashariki ya Kongo husema miliari. Mfano wa Rwanda unafundisha jambo: ingawa elimu yake iligeukia Kiingereza tangu mwaka 2008, katika Kinyarwanda watu wanaendelea kusema miliyari. Sera ya lugha ya kufundishia haibadilishi kwa lazima majina ya fedha midomoni mwa watu.

Kwa lugha ya hisabati, kanuni hizo mbili huandikwa hivi. Tuseme n ni nafasi ya neno katika mfuatano: milioni ni 1, bilioni ni 2, trilioni ni 3. Katika mfumo mfupi thamani ya neno la n ni 10 yenye kipeo 3n + 3. Katika mfumo mrefu ni 10 yenye kipeo 6n.

Jedwali 1: Thamani za maneno katika mifumo miwili

| Neno | Mfumo mfupi | Mfumo mrefu | Mrefu ukigawanywa kwa mfupi |
|---|---|---|---|
| milioni | 10⁶ | 10⁶ | 1 |
| miliari | halitumiki | 10⁹ | – |
| bilioni | 10⁹ | 10¹² | 1,000 |
| trilioni | 10¹² | 10¹⁸ | 1,000,000 |

Mifumo hiyo inaafikiana pale tu ambapo 3n + 3 ni sawa na 6n, na mlinganyo huo una jibu moja pekee: n = 1. Hivyo milioni ni neno la mwisho lenye maana moja kwa wote. Zaidi ya hapo tofauti haibaki palepale. Inazidishwa kwa elfu kila neno jipya linapoongezwa. Hati za nusu karne iliyopita, zilizoshughulika na mamilioni, hazikuhitaji tahadhari hii. Hati za leo zinaihitaji.

3.0 Ukubwa wa kosa

Turudi ziwani. Tuseme mtaalamu anayefuata kanuni rasmi ya Kifaransa ameandika kwamba Tanganyika ina mita za ujazo bilioni 18.9, na mfasiri ameliacha neno bilioni lilivyo. Msomaji wa Kigoma atalielewa kwa mfumo mfupi: mita za ujazo 18,900,000,000, ambazo ni kilomita za ujazo 18.9 tu. Ukiyatandaza maji hayo juu ya eneo lote la ziwa, kina chake kitakuwa sentimita 57. Ziwa ambalo mahali pengine kina chake kinafika takribani mita 1,470 limekuwa maji ya magotini.

Sasa tugeuze. Mtaalamu wa Kigoma ameandika trilioni 18.9, na msomaji wa Bujumbura amelifasiri neno kwa kamusi yake ya Kifaransa: 18.9 × 10¹⁸. Hizo ni kilomita za ujazo 18,900,000,000. Bahari zote za dunia zina takribani kilomita za ujazo 1,335,000,000. Ziwa moja limepewa maji yanayozidi ya bahari zote mara kumi na nne.

Itasemwa kwamba Mrundi wa kawaida haliwezi kumpotosha neno bilioni kwa sababu halitumii. Husema miliari, naye akifika kwenye 10¹² husema miliari elfu. Ni kweli, na ndivyo bajeti ya serikali inavyotajwa nchini. Lakini hapo kuna mtego wa pili, ambao hauhusiani na neno bilioni hata kidogo. Katika uandishi wa Kifaransa mkato hutenga desimali. Mtu wa Nairobi akiandika "miliari 18,900" kwa nia njema ya kumrahisishia mwenzake, msomaji wa Bujumbura anaweza kuona miliari 18 na desimali 900, yaani miliari 18.9. Kosa ni lilelile la mara elfu, na maji yamerudi magotini. Makosa mawili yakikutana katika hati moja kwa mwelekeo mmoja, tofauti inakuwa mara milioni.

Kwa mshauri wa sera, mfano wa ziwa una faida ya kuonekana kwa macho, lakini hatari kubwa zaidi iko kwenye fedha. Bajeti ya Tanzania ya mwaka wa fedha 2023/24 ilikuwa shilingi trilioni 44.39. Ukiigawanya kwa watu 61,741,120 waliohesabiwa katika sensa ya mwaka 2022, unapata takribani shilingi 719,000 kwa kila mtu, kiasi kinachoaminika. Kwa kusoma trilioni katika mfumo mrefu, kila Mtanzania angepata zaidi ya shilingi 700,000,000,000. Kosa la namna hiyo linajifichua lenyewe. Lisilojifichua ni kosa la mara elfu katika mradi ambao hakuna mtu anayejua kwa uzoefu gharama yake: mitambo ya kusafisha maji, fidia ya ardhi, au deni la miaka thelathini. Hapo akili ya kawaida haina kipimo cha kulinganishia, na tunahitaji hisabati.

4.0 Sifa za namba na ukaguzi wa mabaki

4.1 Umbile la namba

Ukiivunja katika vigawo tasa, 18,900,000,000,000 ni 2¹¹ × 3³ × 5¹¹ × 7. Ina vigawo 1,152, yaani namba zinazoigawa bila kuacha baki. Idadi hiyo hupatikana kwa kuongeza 1 kwenye kila kipeo na kuzidisha: 12 × 4 × 12 × 2. Vigawo vingi kiasi hicho visitupe picha kwamba ziwa lenyewe lina mpangilio wa ajabu. Vipeo vya 11 vimetokana na sufuri kumi na moja za mwisho, na sufuri hizo zimetokana na ukadiriaji. Kilichopimwa ni tarakimu tatu, 1, 8 na 9; zilizobaki ni nafasi. Kosa la bilioni haligusi tarakimu zilizopimwa. Linagusa nafasi tu, na ndiyo maana ni gumu kulikamata.

4.2 Ukaguzi wa tisa

Ukaguzi wa kale wa mahesabu ni wa kujumlisha tarakimu na kutazama baki baada ya kugawanya kwa 9. Kwa kosa letu hauna msaada wowote. Namba 1,000 ni 999 + 1, na 999 inagawanyika kwa 9; hivyo kuzidisha kwa elfu hakubadilishi baki. Unaweza kuongeza sufuri upendavyo na jumla ya tarakimu itabaki ileile. Hali ni hiyohiyo kwa 37, kwa kuwa 999 ni 27 × 37.

4.3 Ukaguzi wa 7, 11 na 13

Namba 1,001 ni 7 × 11 × 13. Kwa hiyo 1,000 ni pungufu kwa moja ya kigawe cha kila moja ya namba hizo tatu. Kuzidisha kwa elfu hugeuza alama ya baki: baki la 2 kwa 11 hugeuka hasi 2, yaani 9. Kosa la mara elfu litaonekana, isipokuwa kama baki lilikuwa sufuri. Lakini ukizidisha kwa elfu mara ya pili, alama inageuka tena na kurudi ilipokuwa. Kosa la mara milioni, ambalo ndilo la trilioni, linapita bila kuonekana. Kwa ufupi, 999,999 ni 999 × 1,001, na vigawo vyake tasa ni 3, 7, 11, 13 na 37. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kutofautisha trilioni ya mfumo mfupi na ya mfumo mrefu.

4.4 Kwa nini 17

Namba 2 na 5 nazo hazifai, kwa kuwa namba zilizokadiriwa huishia kwa sufuri na hugawanyika kwa zote mbili. Namba tasa ya kwanza isiyo na kasoro hizi ni 17. Kugawanya 1,000 kwa 17 huacha baki 14, na kugawanya 1,000,000 huacha 9. Hakuna inayoacha 1. Basi makosa yote mawili yataonekana, mradi namba yenyewe isiwe kigawe cha 17.

Ukaguzi unaweza kufanywa kwa kalamu, kundi baada ya kundi kutoka kushoto. Makundi ya namba yetu ni 18, 900, 000, 000 na 000. Kumi na nane kwa 17 huacha 1. Zidisha 1 kwa 14, ongeza 900, unapata 914. Baki ni 13. Zidisha 13 kwa 14: 182, baki 12. Zidisha 12 kwa 14: 168, baki 15. Zidisha 15 kwa 14: 210, baki 6. Jibu ni 6.

Jedwali 2: Mabaki ya usomaji sahihi na usomaji wenye makosa

| Kigawanyo | 18.9 × 10¹² (sahihi) | 18.9 × 10⁹ | 18.9 × 10¹⁸ |
|---|---|---|---|
| 9 | 0 | 0 | 0 |
| 7 | 0 | 0 | 0 |
| 11 | 9 | 2 | 9 |
| 13 | 2 | 11 | 2 |
| 17 | 6 | 15 | 3 |

Mstari wa mwisho pekee una mabaki matatu tofauti. Matumizi yake ni haya: mwandishi wa jedwali lenye kichwa "kwa mabilioni" anaandika kando ya jumla kuu baki lake kwa 17, mfasiri, baada ya kuiandika namba kamili kwa tarakimu kama alivyoielewa, anakokotoa upya. Mabaki yakitofautiana, ajue kwamba wamesoma namba mbili. Ukaguzi huu hauelezi nani amekosea, na ukikuta baki la sufuri hauwezi kusema lolote. Unatoa ishara ya kusimama na kuuliza.

5.0 Mjadala: je, neno moja litoshe?

Suluhisho la haraka ni kuliondoa neno miliari na kuwataka wote waseme bilioni. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina wajibu wa kuratibu maendeleo ya lugha katika nchi wanachama, na usanifishaji wa namna hiyo uko ndani ya kazi yake. Hata hivyo, hoja ya kihisabati inatuonya. Neno miliari lina thamani moja tu popote linapotumika: 10⁹. Ni bilioni lenye thamani mbili. Kuliondoa neno lisilo na utata na kubakiza lenye utata, kwa sababu tu la pili lina wasemaji wengi zaidi, ni kumwongezea Mrundi na Mkongomani mzigo wa kukumbuka kwamba bilioni ya hati za jumuiya siyo bilioni ya kamusi yao ya Kifaransa.

Kwa upande mwingine, si busara kuwataka Watanzania na Wakenya waache bilioni. Neno limo katika vitabu vya shule, benki na magazeti, na thamani yake kwao haina shaka. Lugha inayotumiwa na mataifa mengi huwa na visawe, na visawe si ugonjwa. Kinachohitajika ni kuvifunga visawe hivyo kwenye namba moja iliyoandikwa.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala imeonyesha kwamba mifumo miwili ya kutaja namba kubwa inaafikiana kwa milioni peke yake. Kwamba tofauti yake ni mara elfu kwa bilioni na mara milioni kwa trilioni. Na kwamba ukaguzi wa 9, 7, 11 na 13 hauwezi kuyabaini makosa yote mawili, ilhali ule wa 17 unaweza. Kutokana na hayo, mapendekezo ni matano.

Kwanza, katika hati za kikanda za Kiswahili, bilioni iwe na maana ya milioni elfu, na miliari itambuliwe kuwa kisawe chake katika kamusi sanifu, bila kuitwa kosa wala lahaja duni. Pili, kila namba iliyozidi milioni iandikwe kwa tarakimu zote au kwa kipeo cha kumi mara inapotajwa kwanza. Baada ya hapo neno linaweza kutumika. Tatu, makundi ya tarakimu yatengwe kwa nafasi tupu, kama ulivyothibitisha Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani mwaka 2003, ili mkato na nukta vibaki kwa desimali peke yake. Nne, pale panapowezekana, kichaguliwe kipimo kinachoifanya namba iwe ndogo: kilomita za ujazo 18 900 hazihitaji trilioni wala miliari. Tano, jumla kuu za majedwali ya fedha zinazotafsiriwa ziambatanishwe na baki kwa 17 au kwa ukaguzi mwingine wenye nguvu sawa na huo.

Mapendekezo haya hayahitaji fedha wala taasisi mpya. Yanahitaji mwandishi mmoja aongeze mstari mmoja wa tarakimu. Anayesimama ufukweni Bujumbura na anayesimama Kigoma wanatazama maji yaleyale. Inafaa wanapoyaandika wayaandike kwa namba ileile.